Mtoto mdogo afanye klasi ngapi baada ya skuli? Maswali ambayo wazazi wa Mombasa hawachoki kuuliza

Nna watoto watatu, wa kwanza nlimharibia ratiba, wa pili nkajifunza, wa tatu sai ndo anafaidi. Kila muhula ukianza naulizwa maswali haya haya pale getini mwa skuli na nmechoka kujibu kwa voice note, kwa hivo nmeyaandika yote mara moja. Naongelea watoto wa miaka mitatu mpaka tisa hivi. Wakishavuka hapo wana akili zao na mambo yanabadilika.

## Ya mwanzo mwanzo

Aktiviti ya ziada ni nini hasa? Na chuo, yaani madrasa, kinahesabiwa?

Ni chochote chenye saa yake, chenye mtu mzima anayesimamia, na mtoto hawezi kusema leo sijiskii akabaki nyumbani. Kuogelea, karate, soka, piano, ballet, sataranji, kompyuta, tuisheni, vyote vimo.

Na chuo ndio kinahesabiwa, hapa ndipo wengi wetu twajidanganya. Utaskia mama asema "huyu hana kitu, aenda chuo tu." Chuo tu? Mtoto ametoka skuli saa tisa na nusu, chai ameinywa wima, saa kumi yuko mkekani na juzuu yake mpaka saa kumi na mbili kasorobo, siku tano. Hesabu mwenyewe, ni karibu masaa tisa kwa wiki, tena ya kukaa kitako na kutumia kichwa. Sijasema kipunguzwe, nasema kiandikwe kwenye ratiba kama vingine, manake mtoto hachoki kidogo eti kwa sababu ni jambo la kheri. Kama skuli yake ni zile zilizochanganya dini na masomo basi chuo kimo ndani ya siku tayari na jioni zake ziko wazi zaidi. Sande skuli na mazoezi ya kwaya, vilevile.

Haya, nipe namba.

Miaka 3 mpaka 5, sifuri au moja. Miaka 6 na 7, moja, au mbili kama moja iko wikendi. Miaka 8 na 9, mbili, na tatu ikiwa moja inafanyika hapo hapo skuli. Hizo ni namba zangu mimi, sio za serikali.

Lakini kusema kweli siku hizi sihesabu klasi, nahesabu jioni. Jioni tupu ni ile mtoto ameingia nyumbani, amevua viatu, na hakuna mtu anayemuita popote mpaka alale. Nataka jioni kama hizo mbili katika siku za skuli, na siku moja ya wikendi nzima nzima. Chuo cha siku tano kikiwa kimekula jioni zote basi angalau wikendi isiguswe upande mmoja, na klasi isiwe zaidi ya moja. Ukihesabu klasi utadanganyika, manake kuna klasi "moja" ya mara tatu kwa wiki inayokula jioni tatu, na kuna klasi mbili za Jumamosi pahali pamoja zinazoisha kabla ya adhuhuri.

Kwani shida iko wapi? Watoto wana nguvu, hawachoki.

Shida ni usingizi, twende kwa hesabu. Watoto wa miaka 3 mpaka 5 wanahitaji kulala masaa 10 mpaka 13 kwa siku, pamoja na ule usingizi wa mchana. Wa miaka 6 mpaka 12 wanahitaji masaa 9 mpaka 12. Sasa gari la skuli kwetu lapita saa kumi na mbili na robo asubuhi, kwa hivo mtoto aamka saa kumi na moja na nusu. Akitaka masaa kumi lazima awe ashalala saa moja na nusu usiku.

Tangu atoke skuli saa tisa na nusu mpaka hiyo saa moja na nusu ni masaa manne. Toa nusu saa ya njiani, nusu ya kuoga na kubadilisha, nusu ya kula, nusu ya homuwek. Yamebaki mawili. Toa chuo. Imebaki robo saa! Hiyo robo saa ndio mnataka kuitia taekwondo.

Na huyo unayemuona hachoki, anayeruka juu ya kochi saa tatu usiku, mara nyingi ndo amechoka kupita kiasi. Watoto wadogo wakizidiwa na uchovu hawasinzii kama sisi, wanapandwa na wazimu.

Akikaa nyumbani si atashinda kwa simu?

Atashinda kwa simu ukimpa simu. Siku mbili za kwanza atalia kwamba hana la kufanya, ya tatu utamkuta amegeuza mto kuwa farasi au yuko nje na wenzake wanacheza kibe, gololi, kishada. Mchezo wa nje usio na kocha nao ni mazoezi. Shirika la Afya Duniani lasema mtoto wa miaka 5 na kuendelea apate wastani wa dakika 60 kwa siku za kuchemsha mwili, na wale wa 3 na 4 wapate dakika 180 za kujisogeza kwa siku, na katika hizo 60 ziwe za kukimbia kweli kweli. Hawajasema lazima avae yunifomu ya timu.

Najua kuna mitaa haina pa kuchezea, unaishi floo ya nne na chini ni maduka na tuktuk. Hapo naelewa klasi ya michezo inachukua nafasi ya uwanja, ni sababu nzuri. Ila kabla ya kulipa, mpeleke bustani ya Mama Ngina Jumapili jioni na mpira na pakiti ya kachiri umwache akimbie, uone kama kilichokosekana ni kocha au ni nafasi.

## Kuchagua

Tukiamua moja tu, iwe ipi?

Kuogelea. Hapa sina mjadala. Tumezungukwa na maji huku, mtoto wa Mombasa asiyejua kuogelea ni kama mtoto anayeishi kando ya barabara asiyejua kuvuka. Watoto wengi wakifika miaka minne hivi huwa tayari kufunzwa sawasawa, na akishajua kuelea, kugeuka na kushika ukingo waweza kumtoa ukaweka kingine, sio lazima afike mashindano.

Lakini bwawa sio bahari. Anayeogelea urefu mzima wa bwawa la hoteli bado ni mtoto mdogo pale ufuo wa Pirates wakati maji yanajaa, na siku za bamvua mkondo wavuta watu wazima. Klasi haiondoi jicho lako, mwangalie hivo hivo.

Baada ya hapo angalia umechanganya vipi. Kama tayari ana skuli na chuo, yaani kukaa na kukariri, cha ziada kiwe cha mwili. Kumuongezea tuisheni ya hesabu na kompyuta juu yake ni kumkalisha siku nzima.

Wa miaka mitatu ni mapema?

Kwa darasa la kulipia, hajakosa chochote. Ukitaka kwa ajili yako, upate nusu saa ya kukaa na kina mama wenzio huku yeye arusharusha mpira, nenda, ni sababu halali kabisa. Ila usitarajie atoke na ujuzi.

CBC, huu mtaala wetu wa skuli, si inataka vipaji? Nisipompeleka atabaki nyuma?

Mtaala wenyewe una sanaa na michezo ndani yake, na kanuni za elimu ya msingi za mwaka 2015 zimepanga masomo ya skuli za kutwa yaishe saa tisa na nusu, na kuanzia hapo mpaka saa kumi na dakika arobaini na tano uwe ni wakati wa michezo na vilabu. Yaani kabla hujatafuta kocha mtaani, uliza skuli yako saa hiyo yatumika vipi. Skuli nyingine zina skauti, mpira, maigizo, na mzazi halipi zaidi ya ada. Skuli nyingine saa hiyo wanamaliza notsi. Ukikuta ni hivo, uliza kwa adabu kwenye mkutano wa wazazi.

Mtoto wa jirani afanya tano na yuko sawa. Kwa nini wangu asiweze?

Ntakwambia kisa changu uone. Kifunguamimba wangu akiwa na miaka sita alikuwa na chuo siku tano, kuogelea Jumamosi asubuhi, piano Jumamosi alasiri, karate Jumatano usiku na Jumapili asubuhi. Nlikuwa najivunia, nkiulizwa nataja zote kama nasoma menyu. Jumatano moja tumetoka karate Nyali tukanasa darajani, foleni haisogei, tuktuk imezima injini, mtoto amelala mapajani mwangu na ule mkanda mweupe bado ameufunga na bhajia mkononi ameiuma mara moja tu. Tulifika Tudor saa tatu kasoro. Nkamlaza vile vile na nguo za karate, hajaoga, homuwek haijaguswa.

Asubuhi ananiuliza, "Mama, leo siku ya nini?" Nkamwambia Alhamisi. Akasema hapana, siku ya nini, ya kwenda wapi. Kila siku kwake ilikuwa na jina la klasi. Mwezi ule ule tukatoa piano na karate, na jioni ya kwanza isiyo na kitu alisimama mlangoni na begi amelivaa kwa sababu hakuwa anajua mtu akishafika nyumbani afanya nini.

Kwa hivo mtoto wa jirani simjui. Pengine wana dereva, pengine klasi zote ziko ndani ya skuli moja, pengine wewe wamuona saa mbili asubuhi na mamake amuona saa tatu usiku.

## Barabara, hali ya hewa na pesa

Klasi iko mbali, ni lazima tuvuke. Yafaa?

Hesabu mlango mpaka mlango. Klasi ya dakika arobaini na tano kwa mtu wa Likoni anayevuka feri, asubiri, apande matatu, halafu arudi na umati wa jioni, ni masaa matatu, na saa ya kurudi ndo ile kila mtu anavuka. Kanuni yangu ni kwamba njia isizidi muda wa klasi yenyewe. Ikizidi, tafuta kitu cha upande wenu hata kama kocha hana jina kubwa. Mtoto wa miaka sita hahitaji kocha bora wa kaunti, ahitaji mtu mpole anayefika kwa wakati.

Gharama ya kweli ni ngapi?

Ada ndo mwanzo tu. Chukua mfano klasi ya elfu tatu kwa mwezi mara moja kwa wiki. Tuktuk mia mbili kwenda na mia mbili kurudi, mara nne, elfu moja mia sita. Kila mara mtoto atataka juisi na viazi karai, weka mia mia. Tayari ni elfu tano, bado nguo, mtihani wa mkanda, fulana ya mashindano, na ile "kontribyusheni" ya zawadi ya kocha. Omba orodha ya malipo yote ya mwaka kabla hujatoa senti, na usilipe muhula mzima mpaka ajaribu mara mbili tatu. Ukikataliwa kujaribu, ondoka.

Kama pesa ni ya kukopa au ni ile ya kodi ya nyumba, jibu ni hapana na mtoto hatapungukiwa. Mpira wa mtaani ni bure, na kina babu wanaocheza bao barazani wanafurahi wakipata mwanafunzi.

Joto la kaskazi na mvua za masika tufanyeje?

Kuanzia Desemba mpaka Machi usikubali mazoezi ya uwanjani saa nane mchana, asubuhi na mapema au baada ya saa kumi na nusu, na chupa ya maji iwe yake mwenyewe. Masika, Aprili na Mei, tarajia klasi za nje zitakatika, uliza mapema kama siku za mvua zalipiwa au zafidiwa.

Na Ramadhani?

Sisi twasimamisha kila kitu cha jioni isipokuwa chuo, na waalimu wengi wa huku waelewa. Hata mtoto asiyefunga, nyumba nzima ratiba yake imegeuka, alala kwa kuchelewa na aamshwa na masufuria ya daku. Mwezi mmoja bila kuogelea hausahaulishi kitu.

## Mtoto akigoma

Alia kila siku ya klasi. Nimtoe?

Kwanza jua alia saa ngapi. Akilia wakati wa kutoka nyumbani lakini akifika acheka, ni ule uvivu wa kuacha mchezo, vumilia. Akilia akiwa kule ndani, au tumbo lauma kila Jumanne tu, au ameanza kukojoa kitandani upya, simama. Keti hapo klasi nzima ukiangalia, na kama hawataki wazazi wakae soma swali la usalama hapo chini.

Kama ni kuchoshwa tu mimi huwaambia tumalizie tulicholipia, halafu waamua. Ila tulicholipia kisiwe zaidi ya muhula mmoja. Kumlazimisha mtoto wa miaka saba miaka miwili ya fidla ili ajifunze kutokata tamaa, naona tamaa inayokatwa hapo ni ya mzazi.

Yeye mwenyewe ataka zote, simlazimishi mimi.

Watoto wataka zote, hata ice cream wataka zote. Mpe achague moja ya muhula huu na nyingine ngoja muhula ujao, na uiandike kwenye karatasi ya friji aone imepangwa. Wangu wa pili aliomba taekwondo kwa vurugu, muhula ulipofika akawa ashaisahau.

Ntajuaje amezidiwa?

Angalia Jumatano na Alhamisi, sio Jumatatu. Hasira za vitu vidogo, chakula anachezea, asinzia garini safari ya dakika kumi, aumwa kichwa, mwalimu wa skuli asema amekuwa mzito, marafiki wa mtaani hawamuulizi tena. Ukiona mawili matatu pamoja kwa wiki kadhaa toa kitu kimoja, na ikiendelea hata baada ya kutoa, muone daktari, isije ikawa ni upungufu wa damu au minyoo nawe walaumu karate.

## Kesi za kipekee

Kocha asema ana kipaji na ataka aje siku tano. Miaka minane.

Hongera, mashallah, na hapana. Madaktari wa watoto Marekani washauri mtoto asijifunge na mchezo mmoja mapema, wengi wao wanataja miaka 15 au 16, apumzike angalau siku moja au mbili kwa wiki, na ule mchezo wake mkuu auache kabisa miezi kadhaa ndani ya mwaka. Kuna kipimo rahisi cha kukumbuka pia, masaa ya mazoezi kwa wiki yasizidi umri wake. Wa miaka minane, masaa manane, na hapo ni kikomo cha juu sio lengo. Magoti na visigino vya mtoto bado vyakua, kurudia zoezi moja kila siku ndo huvileta kwa daktari. Kumbuka pia kocha alipwa kwa kichwa.

Nyanya yake asema nampa mtoto uvivu, baba yake ataka akademi ya soka.

Mpe nyanya zamu ya kumpeleka na kumrudisha wiki mbili. Wallahi hilo limemaliza mjadala kwetu. Baba naye, kama akademi ni yake yeye, aende naye uwanjani kila Jumamosi, na ndio hiyo itakuwa moja ya zile mbili. Wazazi wanaoishi mbalimbali, ratiba iwe moja inayohama na mtoto, sio kila nyumba na zake, manake mtoto ni mmoja na uchovu wake hauanzi upya akivuka mlango.

Watoto wawili, umri tofauti, klasi tofauti?

Jaribu pahali pamoja saa moja hata kama sio chaguo la kwanza la mmoja wao. Mdogo anayeburutwa kumsubiri mkubwa kwenye benchi masaa mawili, hiyo nayo ni aktiviti yake, mwandikie.

Mwanangu ana usonji, hizi namba zamhusu?

Tiba ya kuongea na ya vitendo zihesabu kwanza, zachosha kuliko klasi yoyote. Nafasi ikibaki tafuta darasa dogo lisilo na kelele, na omba kwenda siku moja kabla kuona mahali pakiwa patupu. Kuna watoto maji yawatuliza sana, wengine mwangwi wa bwawa la ndani wawavuruga, kwa hivo mfuate yeye.

Kocha amfunza peke yake, ataka nisikae. Ni kawaida?

La. Mlango uwe wazi au pawe na mtu mzima mwingine, na mzazi aweze kuingia bila miadi. Hakuna kocha wa kumtumia mtoto meseji, kumpa zawadi za siri wala kumbeba kwa bodaboda yake. Pawe na jina kubwa, pawe pa jamaa, masharti ni hayo hayo. Ukishuku jambo, namba 116 ya kusaidia watoto ni ya bure nchini kote.

Likizo je? Nimjaze tuisheni ashinde akisoma?

Tuisheni ya likizo imekatazwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, ila utaikuta inaitwa majina mengine. Mimi likizo ndefu ya Novemba na Desemba huchagua wiki mbili za kitu kimoja, kuogelea mara nyingi, kisha wiki zilizobaki hazina jina. Wazazi mnaofanya shifti bandarini au hotelini na hamna wa kuwaachia, kempu ya likizo ni malezi, msijilaumu, ila ulizeni kama wana saa ya kulala.

Hataki chochote. Kila Jumamosi aenda na babu yake kuvua, warudi na tasi watatu. Hiyo nayo ni aktiviti?

Haina ada, haina cheti, na babu akiamka kiuno chamuuma hawaendi, kwa hivo kwa ile maana ya juu kabisa sio, usiihesabu na usiiguse. Msiniambie mwamtafutia kocha wa uvuvi. Ila kama aingia mashuani kabla ya kujua kuelea, rudi pale nliposema iwe ipi.